Kula nje na watoto Unguja na Pemba: mwongozo wa mzazi anayeikumbuka Forodhani ya zamani

Bakuli la urojo, ule mchuzi mzito wa embe na ndimu, linafika mezani. Mzazi ameliwaza tangu adhuhuri. Mtoto wa miaka 6 anaitazama ile rangi ya manjano, anachomoa kipande cha mbatata, anakilamba, anakirudisha. "Sitaki, kichachu." Kuanzia hapo jioni yote inakuwa ya kubembelezana na kununiana. Mzazi amenunua utoto wake kwa bei ya bakuli moja, na sasa amerudishiwa ukiwa umelambwa.

Mwongozo huu ni wa familia zinazotaka kula nje, Mjini Unguja au Pemba, watoto wakashiba na wakubwa wasirudi na kinyongo. Tunaanza na kumbukumbu, kwani ndiyo inayovuruga hesabu ya saa, pesa na chakula kuliko kitu kingine chochote.

Jiulize kwanza unatafuta nini

Kabla ya kutoka, mzazi ajiulize: ninachokikumbuka ni mahali, ni ladha au ni watu? Kila jibu lina njia yake.

Kama ni mahali, pamebadilika. Bustani ya Forodhani, soko la chakula la jioni ukingoni mwa bahari Mji Mkongwe, ilitengenezwa upya ikafunguliwa tena mwaka 2009. Beit al Ajaib iliyo jirani yake, jengo la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Anayempeleka mtoto "pale pale nilipokuwa nikikaa mimi" huishia kueleza habari za vitu ambavyo havipo, na mtoto mwenye njaa hana masikio ya historia. Kama ni ladha, hiyo hupikwa nyumbani na hatua zake ziko hapa chini. Kama ni watu, marehemu bibi au rafiki wa skuli aliyehamia mbali, hawauzwi kwenye meza yoyote. Habari zao zihadithieni nyumbani, watu wakishashiba.

Kuna jambo la nne ambalo wazazi wengi hulisahau. Mtoto wa zamani siku ya Idi alipita nyumba kwa nyumba, akapewa sikukuu yake, yaani pesa za Idi, akaenda Mnazi Mmoja na sarafu kiganjani. Hakuna mkubwa aliyemsimamia kumwambia "nunua hiki, ndicho kitamu". Alichagua mwenyewe, akakosea mwenyewe, akala kilichomwaga rangi kwenye kanzu mpya. Ukimtoa mtoto leo kisha ukamwagizia kila kitu, umempa chakula kile kile na umemnyima kilichokitia ladha. Kwa hivyo hatua nyingi zilizo hapa chini zinarudi kwenye jambo moja: mtoto ashike pesa yake.

Saa na siku

Unguja jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 jioni, kutegemea msimu. Wauzaji wa Forodhani hupanga meza kabla ya hapo, lakini moto hukolea baada ya sala ya Magharibi. Mtoto wa chini ya miaka 7 aliyekula mchana saa 7 hawezi kungoja mpaka hapo bila kulia. Mpe kitu kidogo saa 10 alasiri: ndizi moja, au robo ya boflo na chai ya maziwa. Kidogo, asije akashiba.

Fikeni saa 11 na nusu. Watoto watazame vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani. Burudani hiyo ni ya bure na huwashughulisha nusu saa nzima. Ila ukuta ule hauna kizuizi cha maana kwa mtoto mdogo, kwa hivyo mkubwa mmoja awe na kazi hiyo tu, asiwe na simu mkononi. Kuleni punde baada ya Magharibi, muondoke saa 2 usiku. Baada ya Isha msongamano huongezeka, moshi hujaa, na mtoto aliyechoka hukataa hata alichokipenda saa moja kabla.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, nendeni kwenye mkahawa wenye paa. Hapo angalieni mambo matatu kabla ya kukaa: bomba la kunawia lenye sabuni, kiti ambacho mtoto akikikalia kidevu chake kinapita meza, na muda wa kungoja. Mkiambiwa "dakika kumi tu" hali meza zote zimejaa na hakuna aliyekwisha kuletewa sahani, ondokeni.

Mzunguko wa kwanza ni wa macho

Mkifika msinunue kitu. Pigeni mzunguko mmoja mzima, watoto waone kila meza. Kisha kila mtoto wa miaka 5 na zaidi apewe pesa zake, za kutosha vitu viwili, na aambiwe masharti haya: kimoja cha chumvi, kimoja cha sukari, na kikimshinda hatanunuliwa kingine cha tatu. Mkubwa asitie neno juu ya alichokichagua. Wala asikunje uso, maana watoto huusoma uso kabla ya maneno.

Bei iulizwe kabla kijiti hakijawekwa motoni. Wauzaji wa samaki wana mtindo wa kushika sahani na kuijaza huku wakitaja majina, "huyu kamba, huyu ngisi, huyu changu", na jumla inasikika baadaye, chakula kikiwa kimeshapashwa moto. Sema wazi: "Nitilie vijiti viwili tu. Vyote viwili pesa ngapi?" Ukishajibiwa ndipo ukae.

Lililo muhimu kuliko bei ni chakula kimekaa nje kwa muda gani. Chakula kilichopikwa kikiachwa nje kisizidi saa 2, na joto likipita nyuzi 32 kisizidi saa 1. Pweza, ngisi na kamba wengi huja mezani wakiwa wamechemshwa tayari, na motoni hupashwa tu. Mkubwa akitaka, hiari yake. Kwa watoto chagua kinachoanza kibichi mbele ya macho yako: mishkaki ya nyama, mantabali (unga mwembamba uliojazwa nyama na yai), chipsi. Pweza akitakiwa sana, aombwe akatwe vipande kwanza ndipo arudishwe motoni, mpaka mvuke utoke ndani ya kipande.

Kwa wakubwa 2 na watoto 3 wa miaka 4, 7 na 10, agizo la kuanzia ni hili: mishkaki vijiti 6, mantabali 2 za nyama zilizokatwa vipande 8 kila moja, sahani 1 ya chipsi au muhogo wa kuchoma, bakuli 1 la urojo kwa wakubwa, juisi ya miwa gilasi 3 za kugawana, na maji ya chupa lita 1.5. Hesabu ya tamu iko kwenye pesa za watoto wenyewe. Kikipungua, meza iko hatua kumi, rudini. Kosa la kawaida ni mzazi kuagiza kwa njaa ya miaka thelathini iliyopita, na nusu ya chakula huliwa na paka wa Forodhani.

Juisi ya miwa iagizwe bila barafu kama hamjui barafu imetokana na maji gani. Ndimu na tangawizi zinazotiwa ndani haziui kitu kilichomo kwenye barafu.

Mishkaki itolewe kijitini kabla ya kumpa mtoto, kwa sababu mtoto hula akikimbia na kile kijiti kina ncha. Wa chini ya miaka 4 akatiwe nyama kukingama na nyuzi zake, vipande vya ukubwa wa harage. Pweza ni wa hatari zaidi, anateleza na hatafuniki, kwa hivyo wa umri huo akatiwe vipande vidogo kabisa au akose. Njugu nzima na ubuyu wenye kokwa zingoje mpaka atimize miaka 4, ingawa watu wazima wote wa hapa watakwambia walikula na hawakufa.

Mantabali ndiyo inayoshinda kwa watoto, na mzazi aikubali bila kuugua. Donge la unga hutandazwa likawa jembamba kama karatasi, ndani hutiwa nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili boga, yai na pengine jibini, hukunjwa mraba na kukaangwa juu ya chuma bapa. Inapoharibika huharibika kwa sababu moja: moto mkali, nje imeshakuwa rangi ya kahawia na ndani yai bado linatiririka. Mwambie mpishi apunguze moto, kisha ikate katikati mbele yake. Yai likitiririka, irudi chumani. Mayonezi iliyokaa nje na joto msiiombe. Ile ya ndizi na chokoleti iagizwe mwisho, kwa sababu ikionekana kwanza hakuna mtoto atakayeitazama nyama.

Urojo wa mtoto, nyumbani

Watoto hawaukatai urojo kwa ukaidi. Ni chakula kilichochanganywa, na kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi huogopa chakula wasichoona mipaka yake: nini hiki chini ya mchuzi, mbona bajia imelowa, uchachu unatoka wapi. Dawa ni kuutenganisha. Kiasi hiki ni cha watu 6.

Urojo wenyewe: embe mbichi 1 kubwa, maji lita 1.5, unga wa ngano vijiko 5 vya chakula, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, chumvi kijiko 1 cha chai, ndimu 2. Pembeni: mbatata 6 za kuchemsha, mayai 3 ya kuchemsha, chipsi nyembamba za muhogo. Bajia: unga wa dengu gramu 200, kitunguu kidogo 1, thomu punje 2, kotmiri, chumvi nusu kijiko cha chai. Chatini: nusu nazi iliyokunwa, nusu ndimu, chumvi kidogo. Pilipili isagwe peke yake, ikae kwenye kibakuli chake mwisho wa meza.

Menya embe, likate, lichemshe kwa nusu lita ya maji hayo dakika 15 mpaka liwe laini, liponde, lichuje. Unga ukoroge kwa kikombe kimoja cha maji baridi mpaka usione hata bonge moja. Maji yaliyobaki yachemshe na bizari na chumvi, punguza moto, mimina uji wa unga polepole huku mkono mwingine ukikoroga bila kusimama. Tia maji ya embe. Uache utokote taratibu dakika 15. Onja: ukisikia unga ulimini, bado. Ukiwa tayari unashika mgongo wa kijiko kidogo tu, maana ukipoa utazidi kuwa mzito. Epua, kisha ndiyo ukamue ndimu, kwa sababu ndimu ikichemka huacha uchungu. Kwa meza ya watoto anza na ndimu 1, ya pili ikatwe ikae pembeni kwa wakubwa.

Uji ukitoka mabonge, uchuje, usipoteze muda kuyaponda. Ukiwa mzito kuliko ulivyotaka, ongeza maji ya moto, si ya baridi. Ukiwa mchungu, bizari imezidi. Hilo halina tiba, ila punguza wakati mwingine.

Bajia: changanya vyote, ongeza maji kidogo kidogo, takriban mililita 150, mpaka udondoke kwa uzito kutoka kijikoni. Piga kwa mkono dakika 3, ziwe nyepesi ndani. Kaanga kwa moto wa wastani dakika 4 au 5. Moto mkali utakupa bajia nzuri machoni na unga mbichi katikati.

Sasa kuitandika meza. Kila kitu kwenye sahani yake, na urojo kwenye vikombe vya kahawa, kimoja kwa kila mtoto, wa kuchovya. Siku ya kwanza mtoto akila mbatata na bajia kavu tu, hiyo ni siku njema. Kazi yake ndogo iwe kukamua ndimu au kumwaga urojo wa mwenzake, kwani mtoto hakiogopi sana kile alichokishika. Chakula kipya huweza kuhitaji kuonekana na kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla ya kukubaliwa, kwa hivyo pikeni mara moja kwa wiki na msihesabu kwa sauti. Msimwambie "kula kijiko kimoja nikupe aiskrimu". Anachojifunza hapo ni kwamba urojo ni adhabu na aiskrimu ni tuzo.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi hii kwa namna inayofaa hata kwenye sinia la familia kubwa: mzazi huamua kitaliwa nini, saa ngapi na wapi, mtoto huamua atakula au hatakula, na kiasi gani. Penye sinia moja la pamoja ni vigumu kidogo, kwa sababu wakubwa husukuma minofu upande wa mtoto. Mtoleeni sahani yake pembeni, si kwa kumtenga, mpate kuona kweli anakula nini.

Pemba

Pemba meza za jioni ni chache. Chake Chake na Wete utapata mishkaki, pweza, chipsi na chai, lakini si uteuzi wa Forodhani, na mara nyingi huisha mapema. Familia yenye watoto wadogo hufaidika zaidi na safari ya mchana yenye kapu. Mkienda ufukwe wa Vumawimbi, kwa mfano, chukueni vinavyostahimili joto: mkate wa kumimina, samaki wa kukaanga aliyekauka vizuri, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, machungwa. Wali wa nazi na chochote chenye tui kibaki nyumbani, kwani tui huchacha kabla ya adhuhuri. Samaki achambuliwe miba nyumbani kwenye mwanga mzuri. Ufukweni upepo na mchanga havikupi nafasi.

Kumbukumbu ya kuachwa kabisa

Vyakula vingine vya zamani mzazi anavisubirisha tu mpaka mtoto akue. Kasa ni habari nyingine. Kuna watu Unguja na Pemba waliolelewa wakiamini nyama yake ni ya siku ya furaha, hugawiwa mtaa mzima na watoto huitwa kwanza. Novemba 2021 watu 7 walikufa Pemba baada ya kuila, akiwemo mtoto wa miaka 3. Machi 2024, kisiwani Panza, walikufa watoto 8 na mtu mzima 1, na wengine 78 wakalazwa.

Nyama ya kasa wakati mwingine huwa na sumu, na hapa ndipo maneno ya wazee yanapodanganya. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kwa kukausha wala kwa ndimu. Huwezi kuijua kwa harufu, rangi au ladha. Haina dawa ya kuivunja mwilini. Hospitali hutibu dalili tu. Hupita kwenye maziwa ya mama, kwa hivyo mtoto mchanga anaweza kudhurika bila kuonja nyama yenyewe. "Tulikula miaka yote" ni maneno ya wale waliokutana na kasa asiyekuwa na sumu. Akishaliwa, msingoje dalili: wote waliokula, na watoto wanaonyonya, wapelekwe hospitali mara moja. Isitoshe, kasa analindwa na sheria. Bunju, samaki mwenye sumu, naye ni vivyo hivyo, hapikwi kwa namna yoyote.

Bibi akiwa kwenye msafara

Bibi na babu ndio wenye kumbukumbu ndefu, na mara nyingi ndio wanaosema "hawa watoto wa siku hizi wamedekezwa". Zungumzeni nao kabla ya kutoka, si mezani mbele ya watoto. Maneno yawe ya heshima na yawe na kazi ndani yake: "Shikamoo mama. Leo tunataka watoto wachague wenyewe, na tukirudi nyumbani tunaomba wewe uwafundishe kachori." Mzee aliyepewa kazi hagombani na sahani ya chipsi. Akisisitiza mezani, mtoto aitikie "ahsante bibi" na asilazimishwe kumeza. Adabu iko kwenye jibu.

Mkono wa Idi nao usigeuzwe kuwa somo la bajeti. Siku nne za sikukuu mtoto anunue anachotaka, wewe chunga mambo mawili tu: kisiwe na kokwa kama yuko chini ya miaka 4, na kisiwe kimelala.

Mkirudi

Vilivyobaki vya mezani Forodhani visibebwe. Vimekaa nje vya kutosha. Vya nyumbani: urojo uingie kwenye friji ndani ya saa 2 bila mbatata wala bajia, ukae siku 2, na kabla ya kuliwa utokote kabisa. Bajia zirudisheni kwenye kikaango kikavu dakika 3, moto mdogo, zitarudi kuwa ngumu kwa nje. Chatini ya nazi itupwe usiku ule ule, hata kama imebaki bakuli zima.